Mnyama wa Nyumbani Akiugua, na Siku Anapokufa

Mazungumzo ya afisa wa mifugo na wakazi katika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, Kaunti ya Laikipia. Yamechapishwa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Foleni ni ndefu na dawa bado inapangwa mezani. Basi muda huu utumike kwa jambo ambalo maafisa wa mifugo huulizwa pembeni tu, watu wakishatawanyika. Mzee huja ofisini kuuliza dawa ya minyoo ya mbuzi. Anaelezwa, anaandikiwa, anaaga. Akifika mlangoni anageuka na kusema, kama jambo dogo lililomjia tu, kwamba mbwa wake alikufa wiki iliyopita. Halafu anabaki amesimama hapo. Hajauliza swali lolote, lakini haondoki.

Mama naye huuliza kama ni kawaida mtoto wa darasa la tatu kukataa chakula siku nne kwa sababu ya paka. Kijana mlinzi wa usiku husema kwamba tangu mbwa aliyekuwa akizunguka naye afe, zamu imekuwa ndefu kupita kiasi. Wote hawa huanza kwa kuomba radhi. Husema, "Najua ni mnyama tu."

Maneno hayo, "ni mnyama tu", yamesababisha hasara katika maboma mengi. Mwenye kuona haya kumpenda mbwa wake huona haya pia kumpeleka kwa daktari mapema. Hungoja hadi mnyama alale chini. Akifa, hutupwa kwenye korongo usiku ili watu wasione, na watoto huambiwa kwamba ametoroka. Kila hatua hapo huumiza mtu, na nyingine huhatarisha kijiji kizima.

Wengine husema kulilia mbwa ni mambo ya wageni. Anayesema hivyo hajakaa na wafugaji wa kaunti hii. Ng'ombe hapa ana jina, na rangi yake ina jina lake. Mtoto wa miaka sita anaweza kuutaja ukoo wa mbuzi wake kuanzia kwa nyanya. Mbwa aliyekabiliana na fisi zizini usiku wa mvua husimuliwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Punda aliyebeba maji ya familia miaka kumi na mitano si chombo kilichochakaa. Huzuni imekuwapo siku zote, ila haisemwi.

Hata Katiba ya 2010 haikulipuuza jambo hili. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi kumi na nne, na ya sita ni udhibiti na ustawi wa wanyama. Humo zimetajwa leseni za mbwa, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Kuwazika! Wengi wakisikia hivyo hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Mkazi anayemuuliza afisa wa mifugo wa wadi yake mahali pa kumzika mbwa haombi upendeleo.

Kuna mfano mmoja wa hapa hapa Laikipia ambao dunia nzima iliutazama. Kifaru Sudan alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika eneo ambalo leo ni Sudan Kusini. Alikamatwa akiwa mdogo, akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika nchi iliyoitwa wakati huo Chekoslovakia. Desemba 2009 aliletwa Ol Pejeta pamoja na dume mwenzake, Suni, na majike wawili, Najin na Fatu. Najin ni bintiye, na Fatu ni mjukuu wake. Suni alifariki mwaka 2014, na baadaye Sudan akawa dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini duniani.

Uzee ulipomfikia, alipata maambukizi kwenye mguu wa nyuma wa kulia. Yalitibiwa, yakapungua, kisha yakarudi. Misuli na mifupa ilidhoofika, na ngozi ikafanya vidonda vikubwa. Katika saa 24 za mwisho hakuweza tena kusimama. Machi 19, 2018, madaktari wa Dvůr Králové, wa Ol Pejeta na wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori walikubaliana kwamba mateso yamezidi, na akadungwa sindano ya kumpumzisha. Alikuwa na umri wa miaka 45. Picha iliyopigwa na Ami Vitale inamwonyesha mtunzaji wake, Joseph Wachira, ameinama na kukiegemeza kichwa chake kwenye uso wa kifaru huyo. Picha hiyo ilienea duniani kote, na hakuna aliyethubutu kumwambia Wachira kwamba ni kifaru tu.

Wapo watakaosema kwamba Sudan alikuwa wa mwisho, naye mbwa wa boma si wa mwisho, mbwa wamejaa kila mahali. Hiyo ni kweli kwa hesabu ya dunia. Lakini kwa mtoto aliyelala na mbwa huyo mgongoni pake kwenye baridi ya Julai, hesabu hiyo haimsaidii.

Yafaa kuangalia jinsi kazi ilivyofanywa kule Ol Pejeta. Waliokaa naye kila siku ndio walioijua hali yake ya kawaida, kwa hiyo waliona ilipobadilika. Uamuzi haukuachwa kwenye mabega ya mtu mmoja. Na alipokufa, ilitangazwa kwamba amekufa na jinsi alivyokufa, watu wakaruhusiwa kuhuzunika. Boma la kawaida halina madaktari watatu, lakini linaweza kufanya hayo yote.

Chukua boma lolote la kaunti hii lenye mbwa aitwaye Simba. Ana miaka kumi na mmoja. Jumatatu anaacha ugali. Jumatano anakunywa maji mengi kuliko kawaida na hatoki kwenye kivuli cha tangi. Baba anasema ni uzee. Mama anasema ni baridi. Kijana wa kidato cha pili, kwa huruma yake, anavunja kidonge cha maumivu cha binadamu na kukichanganya na maziwa.

Hapo kwenye kidonge pasimame kidogo. Dawa za maumivu za binadamu zimeua wanyama wengi waliopendwa. Kidonge kimoja cha parasetamo kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini la paka haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Hata dawa za kupe zinazonyunyiziwa ng'ombe, nyingine ni sumu kwa paka. Usimwogeshe paka kwa dawa ya ng'ombe, hata kwa tone. Wenye kufanya makosa haya hufanya kwa upendo, na ndiyo maana majuto yake huwa makali. Ikiwa limeshatokea, daktari aambiwe wazi kilichotolewa na saa iliyotolewa. Hakuna daktari wa maana atakayemgombeza mtoto aliyetaka kusaidia.

Turudi kwa Simba. Kuacha kula siku moja si jambo la kupigia kelele. Siku mbili, au kutapika mara kwa mara, au kuhara damu, au kushindwa kukojoa, au kupumua kwa shida, ni jambo la kumwona daktari siku hiyo hiyo. Kwa mbwa mdogo asiyechanjwa, kuhara damu na kutapika mara nyingi ni ugonjwa wa pavo, na masaa yana maana. Virusi vyake havina dawa ya kuviua mwilini, lakini mtoto wa mbwa akiongezewa maji mapema na kutunzwa anaweza kupona. Akingojewa hadi Jumamosi ya soko, kwa kawaida maji yatakuwa yamemwisha.

Sasa kuhusu pesa, kwa sababu ndipo nyumba nyingi hukwama. Daktari amemwona Simba, figo zimechoka, matibabu ni ya wiki nyingi na karo ya muhula haijalipwa. Mama wa boma hilo hulala macho wazi. Akilipa, mtoto atarudishwa nyumbani. Asipolipa, atajiona amemuuza rafiki. Hakuna aibu kumwambia daktari pesa zilizopo ni kiasi gani. Daktari mwema huulizwa maswali matatu na huyajibu bila kuzunguka: huyu ana nafasi ya kupona au ya kuongezewa muda tu, huo muda utakuwa wa maumivu au wa raha, na kwa pesa zilizopo ni kipi kinachoweza kufanywa vizuri. Kuna matibabu ya gharama kubwa yasiyomwongezea mnyama hata siku moja njema. Na kuna dawa ya maumivu ya bei nafuu, godoro la magunia, maji safi karibu na uji mwepesi, ambavyo humfanya mbwa mzee amalize wiki zake bila kulia.

Njia moja rahisi ya kujua hali inaelekea wapi ni kalenda ya ukutani. Kila jioni mtu mmoja aweke alama. Leo amekula? Amesimama mwenyewe? Ametikisa mkia mtu alipofika? Siku njema iwekwe duara, siku mbaya msalaba. Misalaba ikizidi maduara kwa wiki mbili, nyumba haitabishana tena kwa kumbukumbu, maana kila mtu hukumbuka kile anachotaka. Itakuwa imeandikwa.

Ikifika hapo, lipo jambo la sindano ya mwisho. Wengi huiogopa kwa sababu hawajaelezwa. Kwa kawaida mnyama hutulizwa kwanza mpaka asinzie. Kisha hupewa dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa, pumzi husimama, na moyo hufuata baada ya dakika chache. Macho hubaki wazi. Anaweza kujikojolea, na mara nyingine misuli hushtuka au kifua huvuta hewa mara moja baada ya kufa. Hayo si maumivu, maana hajui tena. Anayetaka kumshika kichwa amshike. Asiyeweza akae nje, wala asihukumiwe na mtu.

Kazi hiyo ni ya mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Kumning'iniza mbwa mzee, kumpa sumu kwenye nyama au kumpiga rungu si njia ya mkato. Ni ukatili, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo kwa ajili hiyo. Sumu nayo haiishii kwa mbwa mmoja. Itamfikia mbwa wa jirani, kuku, na fisi au tumbusi atakayekula mzoga.

Lipo pendo jingine linaloua watu, na ndilo sababu ya siku hii kuwapo. Mbwa wa nyumbani amembana mtoto mkono. Jeraha ni dogo, meno mawili tu. Familia inajua kwamba jirani akisikia, mbwa atapigwa mawe. Basi mtoto anafungwa kitambaa na kuambiwa aseme ameanguka kwenye seng'enge. Mbwa analindwa, siri inalindwa. Wiki kadhaa baadaye mtoto anaogopa maji.

Kichaa cha mbwa kimekuwa Kenya tangu kilipothibitishwa kwa mbwa mwaka 1912. Makadirio yanayotumiwa katika mipango ya serikali ni kwamba huua watu wapatao 2,000 kila mwaka nchini, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wengi wa wanaoumwa ni watoto. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, hospitali haina tena la kufanya ila kumpunguzia mateso. Kabla ya dalili, karibu kila mtu anaweza kuokolewa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata likiwa mkwaruzo. Lisipakwe mafuta ya taa, majivu wala pilipili. Halafu safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo, na sindano zote zilizoandikwa zimalizwe, si mbili za kwanza tu.

Na huyo mbwa? Hapa ndipo watu hawajaelezwa vya kutosha. Kuripoti si kumhukumu kifo. Mbwa anayeonekana mzima akimuuma mtu hufungiwa na kutazamwa siku kumi na afisa wa mifugo. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Atarudi kwenye kazi yake ya kulinda boma. Mtoto hangojei siku hizo kumi, yeye huanza matibabu mara moja. Lakini mbwa aliyebadilika tabia, anayemeza kwa shida, taya limelegea, mate yanamwagika, anauma hata mawe, huyo asiguswe na yeyote, hata aliyemlea kwa maziwa ya chupa. Ni uchungu mkubwa kumwona rafiki hakujui. Aitwe afisa. Na mbwa huyo asipigwe kichwani, kwa sababu ubongo wake ndio utakaopimwa ili ijulikane nani mwingine yuko hatarini.

Kichaa cha mbwa na distempa haviheshimu ua wa boma. Mwaka 1994 distempa iliua karibu simba 1,000 wa Serengeti, theluthi moja ya waliokuwapo. Hapa Laikipia, mwaka 2017, ugonjwa huo huo uliwamaliza karibu mbwa mwitu wote waliokuwa wakionekana kwenye nyanda hizi. Wapo wachungaji waliowalaani mbwa mwitu hao maisha yao yote kwa ajili ya mbuzi, na waliokuta maiti zao porini wakasikitika. Ndivyo moyo ulivyo.

Sasa mazishi. Shimo la mbwa liwe na kina cha mita moja hivi, mbali na kisima, mto au bwawa. Mawe yapangwe juu ya udongo, kwa sababu fisi wa huku wana pua. Aliyekufa kwa sindano ya daktari azikwe kwa uangalifu zaidi. Dawa ile hukaa kwenye nyama kwa muda mrefu, na tumbusi mmoja akila mzoga huo hufa naye. Mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa asiguswe mpaka afisa aje. Na ng'ombe, mbuzi au punda aliyekufa ghafla, damu ikitoka puani au nyuma na isigande, asipasuliwe, asichunwe, asiliwe, hata kama nyumba nzima ina njaa na alikuwa mnyama wa thamani kuliko wote. Hicho huenda ni kimeta. Kuna familia zilizofuatisha msiba wa ng'ombe na msiba wa watu.

Waliopanga vyumba kwenye ploti za Nanyuki na Nyahururu huuliza watamzika paka wapi, na ni swali la haki. Asitiwe kwenye pipa wala mfereji. Mwenye ploti aulizwe kwanza. Akikataa, afisa wa mifugo wa wadi aulizwe.

Kuhusu sala juu ya kaburi la mnyama, kila nyumba ina imani yake na wazee wake. Hakuna mkutano utakaomaliza mjadala huo. Anayetaka kuweka jiwe lenye jina aweke. Pale Ol Pejeta vifaru wana mawe yao yenye majina, na wageni husimama hapo kimya.

Watoto waambiwe ukweli, kwa neno lenyewe: amekufa. Usiwaambie amesafiri, kwa sababu watamngojea langoni. Usiwaambie amelala, kwa sababu kuna watoto walioogopa kulala baada ya kuambiwa hivyo. Na kama uamuzi wa sindano ulifanywa, wasijue kwa kusikia jirani akisema. Mtoto atauliza maswali yanayochoma: je, maziwa niliyompa ndiyo yalimuua? Je, ni kwa sababu nilimpiga teke Jumapili? Maswali hayo yajibiwe moja moja, hata kama yamerudiwa mara kumi. Wengine watataka kuchimba shimo pamoja na baba. Waachwe wachimbe.

Wazee wanaoishi peke yao huhitaji macho ya ziada. Mwanamke aliyefiwa na mumewe, watoto wako Nairobi, na mbwa ndiye aliyemfanya aamke asubuhi kupika uji wa watu wawili. Mbwa akifa, uji unakoma. Majirani huona moshi haujatoka jikoni siku tatu wakadhani amesafiri. Apitiwe, na aulizwe habari za mbwa kwa jina lake. Asiyelala, asiyekula au anayesema hana sababu ya kuendelea kuishi apelekwe kituo cha afya. Mhudumu wa afya wa kijiji anaweza kumsindikiza. Hapo si mbwa tu. Mara nyingi msiba wa mnyama hufungua misiba ya zamani ambayo haikuliliwa.

Wanyama wenyewe pia huomboleza kwa namna yao. Punda hufungamana wawili wawili. Mmoja akifa, mwenzake anaweza kuzunguka akilia, kisha akaacha kula. Punda anayeacha kula yuko hatarini kweli, kwa sababu mafuta ya mwili hujaa kwenye damu na kuharibu ini, naye hufa siku chache baadaye. Dawa ya jambo hili haina gharama. Mzoga usiondolewe haraka, isipokuwa kifo ni cha ghafla na kimeta kinashukiwa. Mwenzake aachwe akae naye, amnuse, amguse kwa pua, mpaka atoke mwenyewe. Baada ya hapo atazamwe anavyokula kwa wiki kadhaa. Wachukuzi wa maji wanaolijua hili wameokoa punda wa pili.

Mwisho ni hili la kuleta mbwa mwingine. Marafiki wema hufika siku ya tatu na kikapu chenye mtoto wa mbwa. Nia ni njema, lakini pana mambo mawili. Moyo wa nyumba huenda bado haujawa tayari, na mtoto wa mbwa atalinganishwa kila saa na aliyeondoka. La pili ni la udongo. Ikiwa aliyekufa alikuwa na pavo, virusi hivyo hubaki ardhini miezi mingi, hata kufikia mwaka. Kuna maboma yaliyozika watoto watatu wa mbwa mfululizo na kusema yamerogwa. Hayakurogwa. Kibanda kioshwe kwa sabuni kisha dawa ya kufulia yenye klorini, sufuria na matandiko vichomwe, na mbwa mpya aje akiwa amemaliza chanjo zake, zinazoanza akiwa na umri wa wiki sita hadi nane.

Dawa sasa iko tayari. Meza ya mbwa iko chini ya mgunga, upande wa kushoto wa ofisi ya chifu. Paka wako upande wa pili, karibu na tangi, ili pasiwe na fujo. Paka aliyekuja mikononi atiwe ndani ya kikapu chenye mfuniko au gunia lisilobana. Mbwa mkali ashikwe na mtu anayemjua, si mtoto, na afungwe mdomo kwa kitambaa kabla ya kufika mezani. Wale wenye mbwa wazee au wagonjwa wasikae kwenye foleni. Waje mbele moja kwa moja, wamwone daktari kwanza. Kadi za chanjo zitaandikwa jina la mbwa, kwa hiyo kila mmoja awe analo. Mtoto yule wa shati la kijani aliyesema wake bado hana jina ana nafasi ya watu kumi na wawili kabla yake kulifikiria.